Xavier ni jina la nyumba

Tafuta maana ya Xavier mtandaoni, hukosi kuambiwa ni "mng'avu", eti kwa Kiarabu. Jibu hilo silikubali hata kidogo. Jina hili ni la Wabaski, watu wa kaskazini mwa Hispania na kusini-magharibi mwa Ufaransa: kwa lugha yao etxe ni nyumba, berri ni mpya. Etxeberria, nyumba mpya, ndiyo iliyogeuka ikawa Xavier. Kwao nyumba ndiyo mara nyingi iliyowapa watu jina la ukoo, si watu kuipa nyumba jina lao.

Likafikaje kwenye ubatizo? Kwa mtu mmoja. Mwaka 1506, kwenye ngome ya Javier (ndiyo Xavier kwa Kihispania) huko Navarra, ufalme wa kaskazini mwa Hispania ya leo, alizaliwa Fransisko, ndiye Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Baba yake aliitwa Juan de Jasso. Ngome ilikuwa urithi wa mama, María de Azpilicueta, na kijana akajulikana kwa nyumba ya upande wa mama. Ngome haikudumu salama. Navarra ilitekwa mwaka 1512, kaka zake wakapigana upande ulioshindwa, na mwaka 1516 ikatolewa amri minara ya ngome ibomolewe. Baadaye Fransisko akaenda kusoma Paris, akawa Mjesuti, yaani mtawa wa Shirika la Yesu, na mwaka 1542, akielekea Goa, India, meli yake ikatia nanga Malindi. Kanisa dogo lenye jina lake lipo pale hadi leo. Akafariki mwaka 1552 kisiwani Shangchuan, China, akatangazwa mtakatifu mwaka 1622.

Kwa hiyo mzazi Mkatoliki anayembatiza mwanawe Ksaveri au Saveri hana habari na nyumba mpya, anamtaja mtakatifu. Sioni ubaya wowote, hata kwetu mjukuu hupewa jina la babu bila mtu kuuliza lina maana gani. Kinachoniudhi ni kubandika maana ya kupendeza isiyo yake, kana kwamba nyumba ni kitu cha kuonea aibu.

Wabaski wenyewe wameligharamia jina hili. Mwaka 1938 serikali ya Franco, dikteta wa Hispania, ilipiga marufuku kusajili watoto kwa majina yasiyo ya Kihispania, hivyo Xabier akaandikwa Javier. Sheria ya kuyaruhusu tena ilikuja mwaka 1977. Mwanasoka Xabi Alonso, aliyezaliwa Tolosa, mji wa Wabaski, mwaka 1981, ni wa kizazi kilichofuata. Na kwa Kibaski ile X ni "sh": Shabi. Sauti hiyo tunayo tangu zamani, basi watangazaji wetu wa mpira waache kumwita Zabi.