Mifupa yenye majina chini ya St Bride's

Ukisoma habari za kanisa la St Bride's, pale Fleet Street, London, wengi huanza na sakafu ya Kirumi. Mimi sakafu hainikolei sana. Warumi waliacha sakafu kila walipokaa.

Kanisa lenyewe lina mkosi wa moto. Lile la zama za kati liliteketea mwaka 1666, msanifu majengo Christopher Wren akajenga jingine palepale. Usiku wa 29 Desemba 1940 mabomu ya Wajerumani yakaliunguza hilo nalo. Zikabaki kuta na mnara. Waumini walitaka kanisa lao lirudi, ila kwanza wakampisha mwanaakiolojia W. F. Grimes achimbe. Kazi ilianza 1952, na kanisa likawekwa wakfu upya 1957. Subira hiyo nawavulia kofia. Zege likishamwagwa, nani atalivunja tena?

Grimes alikuta misingi ya makanisa ya kale, moja juu ya jingine. Akakuta pia vyumba vya maziko vilivyofungwa karne ya 19, enzi za kipindupindu, vikasahaulika na maelfu ya watu ndani. Kulikuwa na ghala la mifupa la zama za kati: mafuvu peke yake, mifupa ya mapaja peke yake, yamepangwa kama kuni za mtu mwenye subira.

Kilichonishika hasa ni majeneza zaidi ya 200 yenye mabamba ya majina. Mmoja wa waliomo ni Samuel Richardson, mchapishaji na mwandishi wa riwaya, aliyefariki 1761. Kwa kawaida mtaalamu hutazama nyonga na meno, anakisia umri, na hakuna wa kumsahihisha. Hapa anakisia, kisha anasoma bamba. Akikosea, anaumbuka hapohapo.

Najua watakaosema wafu waachwe wapumzike. Wapumzike wapi? Mwaka 1664 Samuel Pepys, mtoto wa parokia hiyohiyo, aliambiwa na mchimba kaburi kwamba kwa peni sita angewasukumasukuma maiti wengine, ndugu yake Pepys, Tom, apate pa kulala. Pepys ameyaandika mwenyewe kwenye shajara yake. Na mle chini limewekwa jeneza la chuma la aina iliyosajiliwa 1818, lenye vifyatuo ndani ya kifuniko: likifungwa, limefungwa. Lilibuniwa kuwazuia wezi wa maiti, waliokuwa wakiwauzia madaktari miili ya kufundishia.

Kwa hiyo uchunguzi siupingi. Ningegomba kama mifupa ingehamishiwa makumbusho ya mbali, ikawa namba tu kwenye rafu. Haikuhamishwa. Richardson na majirani zake wamewekwa kwenye masanduku chini ya kanisa lao wenyewe. Mtafiti akiwahitaji, yeye ndiye anayefunga safari, ashuke ngazi awafuate.