Buti Imechanika, Jointi Imekosa Nini?

Juzi jioni mama jirani alinigongea geti akiulizia namba ya fundi mwingine, maana huyu wake amemchosha. Gari lake ni Toyota IST. Miezi minne nyuma fundi huyo alichungulia nyuma ya tairi la mbele kushoto, akaona buti, yaani raba inayofunika jointi, imechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu, akatoa hukumu akiwa bado amechuchumaa: "Mama, sivi jointi imekufa, weka mpya." Ikawekwa mpya. Sasa hiyo mpya ndiyo inayopiga ka-ka-ka-ka kila mama akikata kona ya kuingia kwake.

"Ile ya zamani ilikuwa inalia?" nikamuuliza.

"Wala. Gari lilikuwa kimya kabisa, kaka."

"Iko wapi?"

"Alisema ni takataka, akaondoka nayo."

Takataka! Mtu ambaye kila akija anamwachia maboksi matupu, makopo ya oili na matambara barazani, siku hiyo ghafla akashikwa na usafi.

Jamani, buti kuchanika si jointi kufa. Kubadilisha jointi isiyolia kwa sababu ya buti ni sawa na kumzika mtu kwa sababu kandambili yake imekatika. Buti ni raba tu, ina mikunjo kama kinanda cha mkono, kazi yake kushika grisi ndani na kuzuia mchanga nje. Jointi yenyewe ni kitu kingine kabisa, kiungo cha mwisho wa shafti, ile fimbo inayotoka kwenye giaboksi kuzungusha tairi: golori 6 za chuma kigumu zinazotembea kwenye mifereji iliyosagwa kwa vipimo vya nywele, ili tairi lizunguke bila kurukaruka hata usukani ukiwa umekata mpaka mwisho. Umbo hilo lilibuniwa na mhandisi mmoja wa Ford, Rzeppa, miaka ya 1920, na mpaka leo ndilo linalozungusha tairi la IST yako. Likipata grisi na kufungwa vizuri, linaweza kumaliza umri wa gari zima.

Na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Jointi iliyotoka kiwandani pamoja na gari, ikavuka bahari, ikala mashimo ya Goba na matope ya Kinyerezi bila kutoa hata kikohozi, unaing'oa na kuweka kitu cha kwenye boksi lililoandikwa "orijino" kwa wino unaotoka ukilishika kwa jasho. Kariakoo niliwahi kuwekewa mezani jointi tatu za gari langu. Kaunta moja, muuzaji mmoja, bei tatu, na zote eti orijino. Nikauliza tofauti ni nini. Akanijibu kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kusoma: "Hii ni orijino, hii orijino ya kawaida, na hii orijino yenyewe." Ile ya mama jirani sijui ilitoka daraja gani. Ninachojua ni kwamba imedumu miezi minne, na iliyotolewa ilikuwa kimya.

Kinachoiua jointi ni uzembe baada ya buti kuchanika. Shafti inapozunguka, grisi inarushwa nje kama mchuzi kwenye blenda isiyo na kifuniko. Kisha mchanga na maji vinaingia, vinachanganyika na masalia ya grisi, na hapo tayari una msasa unaosugua golori kila unapoendesha. Ukiliona pengo mapema, unafungua, unasafisha, unavalisha buti mpya. Ukiliacha masika yote, utalipa. Kuangalia hakuhitaji gereji: kata usukani mpaka mwisho, piga tochi nyuma ya tairi, chunguza mikunjo. Halafu upande wa pili.

Kazi yenyewe naifanya nyumbani, na si kwamba mimi ni fundi, nafundisha hesabu. Tairi linatoka, gari linakaa juu ya stendi. Anayetegesha kwa tofali la simenti asiendelee kusoma, akanunue stendi kwanza, maana tofali hupasuka bila taarifa. Adui wa kwanza ni nati kubwa ya katikati, kwangu soketi namba 30. Kingo yake imegongewa ndani ya mfereji wa shafti, kwa hiyo uiinue kwanza kwa tindo, la sivyo utakula nyuzi. Ilegeze tairi likiwa bado chini na mtu amekanyaga breki. Mara ya kwanza nilisahau, nikahangaika mpaka adhana ya magharibi huku mke wangu ananiangalia dirishani bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Baada ya hapo ni boli jointi ya mkono wa chini, kile kiungo kinachoushika mkono huo na kitovu cha tairi, kisha shafti inachomolewa kwenye giaboksi. Tega beseni, oili itamwagika, na utairudisha aina ileile, si "yoyote nyekundu". Wengi hapa huchukua nyundo wakaitwanga jointi ya nje mpaka itoke. Mimi siigusi. Naingilia upande wa ndani, kwenye jointi ya pili ya shafti, ile ya magurudumu matatu: natia alama ya rangi ili irudi ilivyokaa, natoa saklipi, ile pete ya chuma inayoizuia isitoke, naigonga polepole, kisha buti zote mbili zinapita kwa upande huo. Ndiyo, ni mzunguko mrefu. Ndiyo maana unaambiwa jointi imekufa.

Kusafisha ndiko kunakokula muda. Petroli, brashi, matambara, tena petroli, mpaka golori zing'ae. Unaikunja huku na huku unakagua mifereji moja moja. Ikiwa na vishimo, samahani, hapo nunua jointi. Ikiwa laini, jaza grisi nyeusi inayokuja na buti, yote, bila kuionea huruma. Ile ya njano ya kwenye ndoo iache ilipo. Na kabla ya kukaza klampu ndogo, ingiza bisibisi nyembamba chini ya mdomo wa buti upumue kidogo; ukifungia hewa vibaya mikunjo inanyonywa ndani, inasuguana, na baada ya muda unarudi palepale.

Haya, niwape mafundi haki yao, ingawa sitaki. Jointi ikishaanza kulia kwenye kona, buti mpya haiponyi kitu. Unafungia ugonjwa ndani na kuupaka grisi. Pia kuna siku ambazo shafti nzima iliyotumika kutoka Japani ni nafuu kuliko Jumamosi yako. Sawa. Lakini hukumu hiyo itolewe baada ya kufungua na kuangalia. Kwa kuchuchumaa tu, hapana.

Buti zile za kugundisha, zenye mpasuo, sina la kusema. Gundi na vumbi letu? Endelea kuota.

Nami sijazaliwa mjanja. Mwaka fulani buti ilichanika nikitoka Morogoro, na pale Chalinze kijana mmoja akaizungushia mpira wa baiskeli kwa ustadi mkubwa, akanihakikishia itafika Dar na kurudi. Ilifika Mlandizi. Iliyobaki niliiendesha nikisikiliza kila mlio kama mzazi mwenye mtoto anayekohoa usiku, na nilipofungua kesho yake ule mpira ulikuwa umejiviringa kwenye shafti pamoja na kipande cha mfuko wa plastiki ambacho sijui aliniongezea lini.

Nimeshachungulia IST ya mama jirani. Kushoto hakuna cha kuokoa, ile "orijino" imeshajiongelea. Kulia bado ni jointi ya kiwandani, kimya, ila mikunjo ya buti imeanza nyufa. Nimemwandikia anunue buti mbili, klampu nne na grisi yake, Jumamosi tufungue. Akaniuliza kama amwite na yule fundi wake aje asaidie.

Nimemwambia aje. Tochi inahitaji mtu wa kuishika.