Nebulaiza ya haraka si anasa

Mpwa wangu wa Chumbageni, hapa Tanga, ana miaka tisa na anaishi na sistiki faibrosisi, ule ugonjwa wa kurithi unaofanya makohozi yawe mazito na kung'ang'ania mapafuni. Ukoo ulikaa kuamua: abaki na nebulaiza (mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta) ya kompresa, inayosukuma hewa kwa nguvu, au tuchange tununue ile ya haraka zaidi, ya wavu unaotetemeka? Bibi yake alikataa. "Dawa ni ile ile, haraka ya nini?"

Bibi ana hoja. Kompresa ni imara. Mpira au kikombe kikichoka, unabadilisha, maisha yanaendelea. Ile ya wavu ni ghali mara kadhaa, na vitundu vyake havionekani kwa macho. Chumvi ikivikaukia huziba, na mashine huanza kujikokota kama ile ya zamani.

Lakini tuzihesabu hizo dakika. Maji ya chumvi ya asilimia 7, mara mbili kwa siku. Dornase alfa, dawa ya kulainisha makohozi, mara moja. Katika siku 28 za tobramaisini, dawa ya kuua bakteria, nayo mara mbili. Kwa kompresa, kadiria dakika 15 kila mara kwa chumvi na tobramaisini, 10 kwa dornase: jumla 70. Hapo hajapigwapigwa mgongo kutoa makohozi, na vikombe havijaoshwa na kuchemshwa. Mashine ya wavu ikipunguza nusu, ni dakika 35 kwa siku, saa nne na ushee kwa wiki. Kwa mtoto wa miaka tisa, saa nne ni nyingi mno.

Jioni moja nilimkuta mkekani, kompresa inanguruma hata adhana ya magharibi hatukuisikia. Wenzake walikuwa wanapita mlangoni na juzuu zao kwenda chuoni. Akautoa mrija mdomoni. "Bibi, imekwisha." Nikaangalia kikombe: dawa ilikuwa nusu.

Hapo ndipo "dawa ni ile ile" inaponishinda. Iliyobaki kikombeni haikufika pafuni, na mtoto hakufanya ukaidi, alichoka. Tena mashine ya wavu haina kelele, na yenye betri haisimami umeme ukikatika.

Ila isiwe yoyote tu ya bei poa. Kiasi cha dawa kinachofika pafuni hutofautiana kati ya mashine na mashine, na ziko dawa zilizopimwa na mashine yake maalumu. Daktari wake aitaje kwanza. Usafi nao haupungui hata kidogo: joto na unyevu wa pwani yetu ni raha kwa bakteria, kwa hiyo kuosha, kuchemsha na kukausha kuko pale pale.

Nimewaambia ndugu zangu tuchange, ila tusiinunue kabla ya kupata pesa ya kichwa cha akiba chenye wavu. Na kompresa isiuzwe.