"Mlango haukuvunjwa" si ushahidi

Valizi ilikuwa wazi juu ya kitanda, godoro limeinuliwa upande mmoja, na kando yake ulikuwa umemwagwa mkoba wa mama wa usafi: kitenge cha kubadilisha, simu ya vibonyezo, nusu mkate ndani ya mfuko wa nailoni, chupa ya maji na noti mbili za faranga 500. Mwenyewe alisimama ukutani, mikono nyuma, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mgeni wa chumba kile, mama mchuuzi wa vitenge tuliyetoka naye Bukavu kwa boti moja, alikuwa amepoteza dola 1,800. Asubuhi bahasha ilikuwa chini ya godoro. Saa kumi jioni haikuwapo. Meneja wa hoteli ile, moja ya hoteli za bei ya kati hapa Goma, mashariki mwa Kongo, alikichungulia kitasa, akapitisha kidole kwenye fremu ya mlango, kisha akatamka maneno yaliyofunga kesi: "Mulango haikuvunjwa. Ni nani mwengine iko na ufunguo?"

Kesho yake mama wa usafi hakuonekana tena kazini. Pesa nazo hazikuonekana.

Swali lile la meneja halijanitoka kichwani, kwa sababu sote tuliosimama kwenye korido tulilipokea kana kwamba ni jibu. Nami nilikuwa mmojawao. Hakuna aliyesema, "Hebu tuhesabu funguo."

Machozi ya mgeni yalikuwa ya kweli, na lazima hilo lisemwe kwanza. Sehemu ya pesa zile ilikuwa likirimba, yaani mchango wa kupokezana, ya wenzake wa soko la Kadutu. Kurudi mikono mitupu ni kurudi na deni na aibu pamoja. Tena asiulizwe kwa nini alibeba fedha taslimu. Mabenki ya Goma yalipofunga milango Januari 2025, na ya Bukavu mwezi uliofuata, mchuuzi alibaki hana pa kuweka wala pa kutoa. M-Pesa na Airtel Money zinasaidia, lakini wakala mara nyingi hana dola za kutosha, na anapokuwa nazo anakata anavyotaka. Kubeba faranga ni mzigo mwingine: noti yetu kubwa kabisa ni ya 20,000, ambayo haifiki hata dola 10. Thamani ya dola 1,800 ingekuwa furushi la noti zaidi ya 180.

Dola nazo zina masharti yao, na kila msafiri wa huku anayajua. Noti yenye mpasuko mdogo kama ukucha, kambisti, mbadilisha fedha wa barabarani, anaisukuma nyuma. Kwa hiyo huwezi kuzikunja ndani ya fundo la kitenge, wala kuzishonea kwenye upindo, wala kuzikanyaga ndani ya kiatu. Lazima zilale zimenyooka. Chumbani, mahali pa kulaza noti bila kuzikunja pako patatu tu: chini ya godoro, kati ya kurasa za Biblia, au sakafuni mwa valizi. Mwizi yeyote wa hoteli anaijua orodha hiyo. Haimchukui dakika tatu kuimaliza.

Mwenye hoteli naye ana lake la kusema. Chumba chake analipwa dola 30. Mgeni akidai kwamba ameibiwa dola 3,000, nani alizihesabu? Wapo wageni waliolala siku nne, wakakosa pesa za kulipa, halafu wakapiga kelele ya wizi alfajiri ya kuondoka. Wapo pia wafanyakazi walioiba kweli, wakakamatwa na kitu mkononi. Siwezi kuandika kana kwamba hawapo. Ndiyo maana karibu kila mapokezi utakuta karatasi ukutani: hoteli haihusiki na vitu vilivyopotea chumbani, vitu vya thamani vikabidhiwe. Kwa mtazamo wake, mgeni aliyesoma karatasi ile na bado akalalia bahasha yake amejitakia mwenyewe.

Hoja hizo zina uzito. Kinachonisumbua ni kwamba mgeni na hoteli wanabishana juu ya pesa, halafu wote wawili wanamgeukia mtu wa tatu ambaye hayumo katika ubishi, na huyo ndiye peke yake anayelipa, kwa kazi yake na kwa jina lake.

Basi tuzihesabu hizo funguo. Jioni ile, baada ya watu kutawanyika, nilikaa mapokezi kusubiri chai nikatazama. Nyuma ya meza kulikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari una namba. Wageni wa hoteli ile, kama hoteli nyingi za huku, hutakiwa kuacha ufunguo wanapotoka mjini. Ubao uko wazi kwa kila aingiaye, hata kwa aliyekuja kununua soda. Msumari mtupu unasema mgeni yuko ndani. Ufunguo ukining'inia, chumba hakina mtu. Ni tangazo la saa zote, na hakuna anayeliona kuwa ni tangazo. Nikiwa pale aliingia kijana mmoja, akataja namba kwa Kifaransa, "douze," yaani kumi na mbili, akapewa ufunguo bila kuulizwa jina. Huenda alikuwa mwenye chumba kweli. Aliyempa hakuwa na namna ya kujua.

Halafu kuna ufunguo mkuu, ule unaofungua vyumba vyote. Nilimuuliza kijana wa mapokezi nani anaushika. Akahesabu kwa vidole: yeye mwenyewe na mwenzake wa usiku, meneja, mama wa usafi, fundi wa maji na umeme, na zamu, yaani mlinzi, wa usiku akiombwa na mtu aliyejifungia nje. Watu sita, ufunguo mmoja, wala hakuna daftari la kuandika nani kauchukua saa ngapi. Hapo sijawahesabu wageni wa zamani. Ufunguo wa chuma huchongwa sokoni kwa dakika chache na kwa pesa kidogo. Aliyelala chumba namba 12 mwezi wa tatu anaweza kukirudia mwezi wa tisa, kwa sababu kitasa ni kile kile. Mlango hautavunjwa. Kwa nini auvunje?

Wenzetu wa hoteli kubwa za nje, zenye vitasa vya kadi vinavyoandika kila anayeingia, walikuwa na imani hiyo hiyo juu ya mlango usiovunjwa, nayo iliwaangusha. Mwaka 2003 huko Berlin kompyuta iliibwa kwenye chumba cha hoteli wakati wa mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta. Mlango haukuwa na alama, kumbukumbu ya kitasa haikuonyesha mtu, na hoteli ikayapuuza malalamiko. Watafiti wawili wa Finland, Tomi Tuominen na Timo Hirvonen, waliokuwa na mwenzao aliyeibiwa, hawakuliacha jambo hilo. Mwaka 2018 wakaonyesha hadharani kwamba kadi yoyote ya vitasa vile, hata iliyokwisha muda, ingeweza kugeuzwa kuwa ufunguo mkuu wa hoteli nzima, na kumbukumbu isibaki. Ilichukua miaka 15 kuthibitisha kwamba mwizi angeweza kuingia bila kuacha dalili.

Machi 2024 watafiti wengine walitangaza udhaifu wa vitasa vya Saflok vinavyotengenezwa na kampuni ya Dormakaba ya Uswisi: milango zaidi ya milioni 3, majengo 13,000, nchi 131. Kampuni ilikuwa imearifiwa tangu Septemba 2022. Kufikia siku ya tangazo, vitasa vilivyokuwa vimerekebishwa au kubadilishwa vilikuwa asilimia 36. Yaani mwaka mmoja na nusu baadaye, karibu milango miwili katika kila mitatu ilikuwa bado inaweza kufunguliwa kwa kadi mbili za kughushi. Sisemi waliibiwa wote. Nasema kwamba katika milango yote hiyo, meneja angeweza kusimama mbele ya kitasa kizima na kumuuliza mfanyakazi swali lile lile, naye angekuwa amekosea. Na hao wana vitasa vyenye kumbukumbu, sisi tuna ubao wa misumari.

Kasiki ndogo za chumbani, ambazo hoteli kadhaa za Goma sasa zinazitangaza kama dawa, zina tatizo la aina hiyo. Kasiki nyingi za namna hiyo zina namba ya msimamizi, ya kuifungua pale mgeni anaposahau yake. Namba hiyo hutoka kiwandani ikiwa rahisi, sifuri tupu kwa mfano, na mara nyingi anayeifunga ukutani haibadilishi. Mgeni anaona taa nyekundu na kusikia mlio, anatulia moyo.

Kwa nini basi ni mama wa usafi kila mara? Kwa sababu yeye ndiye anayejulikana kuwa aliingia. Kazi yake yenyewe ndiyo kosa lake. Aliyeingia kwa siri hana jina, aliyeingia na fagio ana jina, tena hana wa kumtetea. Na watu husema waziwazi kwamba mshahara wake mdogo ndio sababu tosha ya kumshuku, kana kwamba umaskini ni alama ya vidole.

Matokeo ya tabia hii ndiyo yanayoniuma zaidi, maana hayamwumizi mama huyo peke yake. Akishafukuzwa, uchunguzi umekwisha. Kitasa hakibadilishwi, maana "mwizi kaondoka". Ufunguo uliochongwa unabaki mfukoni mwa aliyeuchonga. Ubao wa misumari unabaki ukutani. Mgeni mwingine anapewa chumba kile kile, analaza bahasha yake chini ya godoro lile lile, akiwa salama kidogo zaidi machoni pa meneja na wala si salama zaidi kwa kweli. Kumfukuza mtu asiye na hatia ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo hoteli inaweza kumpa mwizi: inamfutia nyayo. Na wafanyakazi waliobaki wanajifunza. Mmoja aliniambia siku hizi hainui godoro kabisa, hata shuka likihitaji kubanwa, na akikuta pochi mezani anatoka na kuacha chumba kichafu. "Afazali wanigombeze juu ya vumbi," alisema.

Sheria haikumweka mama wa usafi kwenye nafasi hii. Sheria ya madai ya Ufaransa ya 1804, ambayo dekreti yetu ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888 ni ya ukoo wake, inavihesabu vitu anavyoingia navyo msafiri kama amana mikononi mwa mwenye hoteli. Inasema hivyo kwa upana wa ajabu: mwenye hoteli anawajibika mwizi awe mfanyakazi wake, au awe mgeni apitaye tu ndani ya jengo. Kinachomtoa ni wizi wa kutumia silaha au nguvu asizoweza kuzuia. Maana yake, kwa suala la fidia, hoteli haihitaji hata kumpata mwizi. Kuligeuza deni la nyumba kuwa dhambi ya mfanyakazi mmoja ni njia ya kulikwepa.

Wenye hoteli watasema huo ni mzigo usiobebeka, na hapo nakubaliana nao kiasi. Wafaransa wenyewe waliliona, wakaweka kikomo: isipothibitika kwamba hoteli ina kosa, fidia haizidi mara 100 ya bei ya chumba kwa siku. Kwa chumba cha dola 30 ni dola 3,000. Lakini kwa kitu kilichokabidhiwa mkononi mwa hoteli, au ambacho hoteli ilikataa kukipokea bila sababu halali, hakuna kikomo, na hakuna karatasi ya ukutani inayoweza kuufuta wajibu huo. Mgawanyo huo naupenda. Unamlazimisha mgeni kukabidhi, na unailazimisha hoteli kupokea.

Na kukabidhi kuna namna yake. Hesabu noti mezani, mbele ya mtu wa mapokezi. Piga picha ya namba zake kwa simu, zikiwa zimepangwa kama karata. Zitie kwenye bahasha, ibandike, saini mkanda wa gundi wewe na yeye, kisha dai risiti yenye kiasi, saa na jina. Hoteli ikikataa kuandika kiasi, umekwisha kujifunza jambo la maana kabla hujalipa chumba. Mama yule wa vitenge hakufanya hivyo, ni kweli. Lakini na mapokezi hawakumuuliza kama ana cha kukabidhi. Walimwonyesha karatasi kwa kidevu.

Kuhusu mama wa usafi, ibara ya 17 ya Katiba ya 2006 inamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia hadi hukumu ya mwisho, na sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka anayefukuzwa apewe sababu halali, kwa maandishi. Yeye aliambiwa kwa mdomo, getini, na zamu aliyekuwa akimsalimu kila asubuhi.

Niliondoka siku ya pili mapema, boti haingoji. Niliweka ufunguo wangu juu ya meza ya mapokezi. Kijana aliuchukua bila kuniangalia usoni, akaugeukia ubao, akaupachika kwenye msumari wake. Ule wa jirani yangu ulikuwa ukining'inia tayari, namba ikitazama mlango wa barabarani.