Yen 2,500 za Kasri la Himeji: Nani Abebe Mzigo?

Tangu Machi 1, 2026, mtu mzima asiyeishi katika jiji la Himeji, Japani, hulipa yen 2,500 kuingia kwenye kasri lake. Mkazi hulipa yen 1,000, kiwango cha zamani, na walio chini ya miaka 18 huingia bure. Mwaka 2024 meya alikuwa amependekeza wageni wa kutoka nje ya nchi ndio walipishwe zaidi. Mjadala ukawa mkali, na hatimaye kigezo kikawa anwani ya mtu badala ya uraia wake. Kwa Mtanzania au Mkenya hili si geni. Hifadhi zetu za wanyama zina viwango tofauti kwa wenyeji na wageni miaka mingi sasa.

Jiji lina hoja nzito. Mnara mkuu, uliokamilika mwaka 1609, ni wa mbao, na kuta zake zimepigwa lipu nyeupe ya chokaa, nyuzi za mimea na gundi ya mwani. Unyevu huotesha kuvu nyeusi juu ya lipu hiyo. Maji yakipenya, hupasuka na kubanduka. Ndiyo maana ukarabati wa lipu na vigae ulichukua miaka ya 2009 hadi 2015, na kazi hiyo itabidi irudiwe. Mtu aliyetoka mbali kuja kuona weupe ule ana sababu ya kuchangia.

Lakini kasri ni mali ya taifa. Jiji ni msimamizi tu, na serikali kuu husaidia gharama za matengenezo. Mkazi wa Kobe, dakika 40 hivi kwa treni, analichangia kwa kodi yake, kisha mlangoni anahesabiwa mgeni. Hili linanisumbua kuliko suala la watalii wa kigeni. Hata hivyo anwani ni kigezo safi kuliko uraia: mkaguzi wa tiketi hana haja ya kumpima mtu kwa sura yake.

Bei peke yake haitaondoa msongamano. Ndani ya mnara unavua viatu na kuvibeba kwenye mfuko, kisha unapanda ngazi za mbao zilizosimama wima hadi ghorofa ya sita. Soksi huteleza, na begi kubwa ni kero kwako na kwa aliye nyuma. Liache kwenye makabati ya stesheni. Hakuna lifti. Vyumba karibu vyote ni vitupu, hivyo anayetarajia samani za kifalme atatoka amenuna, ilhali utajiri uko kwenye nguzo mbili kuu zinazopanda toka chini karibu hadi juu.

Kwa hiyo mwenye magoti mabovu asilipe 2,500. Uwanja wa Sannomaru, mbele ya kasri, ni wa bure na mnara unaonekana vizuri kutoka hapo. Jirani, upande wa magharibi, iko Koko-en, iliyofunguliwa mwaka 1992 palipokuwa na makazi ya samurai: bustani tisa zilizotengwa kwa kuta, bwawa la samaki koi, na chumba cha chai. Kiingilio chake ni kidogo sana kuliko cha kasri. Anayetaka vyote viwili anunue tiketi ya pamoja, na aanze na mnara saa tatu asubuhi unapofunguliwa, hasa mwanzoni mwa Aprili maua ya sakura yakichanua.