Tangawizi, Mafua na Swali Tusilolifundisha

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi wangu wa kidato cha pili kuikagua tovuti kwa kutazama kama ina jina la mwandishi, ina tarehe, na anwani yake inaishia na herufi zipi. Waliyanakili yote kwenye madaftari kwa mwandiko mzuri. Leo naamini nilikuwa nawafundisha kukagua chupa na kuisahau dawa iliyomo.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho kazi ya kupima tovuti mbalimbali. Wanahistoria na wanafunzi wengi walibabaishwa na nembo na majina yenye sura rasmi, kwa sababu waling'ang'ania ukurasa uleule wakiusoma juu hadi chini, ilhali wahakiki waliuacha mapema na kwenda kutafuta kwingine wenye tovuti ni akina nani. Mbinu hiyo inafundishika.

Hata hivyo, kumjua msemaji hakutoshi. Jarida la tiba la The Lancet, ambalo hakuna angelitilia shaka kwa jina, lilichapisha mwaka 1998 makala ya Andrew Wakefield iliyoihusisha chanjo ya surua na usonji, na halikuifuta hadi mwaka 2010. Makala ile ilihusu watoto 12 tu, bila kundi la watoto wengine wa kulinganishwa nao. Hapo ndipo penye swali ninalotaka kila mwanafunzi atoke nalo shuleni: umelinganisha na nini? Anayetangaza kwamba tangawizi na limao vilimponya mafua kwa siku saba aulizwe yangeisha lini kama asingevinywa. (Mimi hunywa tangawizi, na sina nia ya kuacha.)

Nchini Uganda swali hili limefundishwa kwa watoto wa darasa la tano. Allen Nsangi, Daniel Semakula na wenzao waligawanya kwa kura shule za msingi 120, nusu yake zikatumia kitabu cha katuni kuhusu madai ya tiba kwa muhula mmoja. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa asilimia 69 ya waliofundishwa walifikia alama ya kufaulu, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao. Vipindi vile havikuhitaji kompyuta.

Walimu wenzangu watasema muhtasari umejaa. Umejaa kweli, lakini hatua za uchunguzi wa kisayansi zimo tayari tangu kidato cha kwanza. Tatizo ni kwamba tunazikaririsha, kisha tunatamka jibu la jaribio kabla kiberiti hakijawashwa. Mwanafunzi aliyezoeshwa kumwamini mwalimu kwa sababu ni mwalimu ataiamini simu kwa sababu hiyohiyo. Muhula huu niliwaambia wangu kwamba wanaojisomea alfajiri hufaulu zaidi, na mmoja akanyoosha mkono kuuliza nimewalinganisha na akina nani. Sikuwa na jibu, nikamwomba aandike swali lake ubaoni.