Pete hakutolewa

Juzi mtoto wa dada yangu aliniuliza swali ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Tulikuwa tukitazama MacGyver, kipindi nilichokuwa nikikitazama utotoni nyumbani kwa jirani, pale Langoni, watoto kumi na kitu tumebanana mkekani. Nilitaka naye amjue mtu anayejinasua kwa kisu cha mfukoni na kipande cha waya, bila bunduki. Tukafika vile vipindi vya mwisho mwisho, Pete Thornton, mkuu wake MacGyver, macho yameanza kumpotea. Mtoto akasema, "Mjomba, mbona hawamtoi huyu mzee wakaweka mwengine?"

Utotoni hata mimi sikuwa na haja na Pete. Yeye kazi yake kutoa maagizo. Sisi tulimngoja Magaiva achanganye vitu vilipuke. Ile chokoleti aliyozibia asidi katika kipindi cha kwanza kabisa, cha 1985, tuliizungumza wiki nzima, na wengi wetu chokoleti yenyewe hatujawahi kuionja. Nikitazama leo, mengine yamechuja, nakubali. Kila nchi ya kigeni wenyeji wake wanangoja mgeni aje awaokoe. Hilo linaniudhi na sitalitetea.

Lakini Pete! Dana Elcar, aliyemwigiza, alipatwa na glakoma kweli. Macho yake mwenyewe ndiyo yaliyokuwa yakizimika. Wangeweza kumuaga kimyakimya, Pete akasafiri, hadithi ikaendelea. Hawakufanya hivyo. Waliyaingiza maradhi yake ndani ya hadithi, Pete naye akaugua glakoma, na akaendelea kuonekana hadi msimu wa mwisho, ulioisha 1992. Nilipolijua hilo nikiwa mtu mzima, nililia.

Babu yangu alikuwa fundi wa mashua kijijini Matondoni, Lamu, na maradhi yake yalikuwa hayo hayo. Mara nyingi glakoma huanzia pembeni: mtu anaona mbele sawasawa, kinachomjia ubavuni hakioni, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Babu akawa anajigonga bega mlangoni, sisi tukisema ni uzee. Alipopelekwa kwa daktari, jicho moja lilikuwa limekwisha. Wenzake wakaacha kumwita kazini. Hakuna aliyemtolea neno baya. Waliacha tu kumwita.

Na mikono ilikuwa haijasahau kitu. Siku moja nilimshika mkono nikampeleka ufukweni, kuna mashua imepandishwa inakalafatiwa, maungo ya mbao yanazibwa kwa pamba na mafuta. Akapitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kutoka tezi, nyuma, kuelekea omo, mbele, mpaka kidole gumba kikasimama penye maungo ya mbao mbili. "Hapa pamba haikukaa." Kijana mmoja akachokonoa kwa chembeu, ile patasi ya kukalafatia, ikatoka pamba kavu, haijashika mafuta hata kidogo. Wenye macho yao walishapapita hapo!

Wakamshukuru, wakamletea chai. Hakuna aliyemwambia, "Mzee, kesho njoo." Na kwa miaka yote iliyobaki alikuwa akiamka alfajiri, akiswali, akivaa shati lake la kazi, akikaa barazani.

Nilimsimulia mtoto yote haya, kipindi tumekisimamisha. Akanyamaza. Kisha akaniuliza kama chembeu ya babu ipo. Ipo, iko kabatini, imelika pale palipokuwa pakikaa kidole chake. Nikamtolea aishike, tukaendelea kumtazama Pete.